Wazee Nao Wanahitaji Mazoezi

Babu zetu wapagazi walitembea kutoka Tabora hadi Bagamoyo na mizigo mabegani. Leo mzee akianguka uani huweza kuvunjika nyonga, asitembee tena. Mazoezi hupunguza hatari hiyo. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilishauri wazee wafanye mazoezi ya nguvu na ya kusimama imara siku 3 au zaidi kila wiki.

Kusanyeni wazee wachache chini ya mwembe, asubuhi. Muulize kila mmoja maradhi yake. Mgonjwa aonane kwanza na mganga wa zahanati. Kila mzee awe na kiti imara. Wavute pumzi taratibu, wainuke na kuketi, kisha wasimame kwa mguu mmoja wakishika kiti. Anayeumwa kifua au kuona kizunguzungu aache mara moja. Wasishindane, kila mmoja afuate uwezo wake.