Mafunzo ya Mvua ya Mawe kwa Watoto wa Lurambi

Katika nchi za baridi, kama vile Kanada na Urusi, theluji ikianza kuanguka walimu wa madarasa ya chini huwafundisha watoto habari za barafu, upepo na mavazi ya kujikinga. Huko Lurambi, mahali ulipo mji wa Kakamega, theluji haianguki kamwe. Hata hivyo watoto wa huko wanayo majira yao ya kujifunza, nayo ni majira ya mvua kubwa, ngurumo na mvua ya mawe.

Lurambi iko kwenye kimo cha mita 1,500 hivi juu ya bahari, na mvua inyeshayo katika sehemu hizo hukaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Asubuhi jua huwaka na kuipasha ardhi joto. Kisha hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda kuelekea nyanda za juu, na alasiri mawingu meusi hujikusanya. Ndiyo sababu mara nyingi mvua huwakuta watoto wakiwa darasani au njiani kurudi nyumbani.

Katika mtaala wa Kenya ulioanza kutumika nchini kote mwaka 2019, hali ya hewa ni mojawapo ya mambo wanayofundishwa watoto wa gredi ya kwanza hadi ya tatu. Mtoto hujifunza kutazama mbingu na kueleza kama siku ni ya jua, ya mawingu, ya upepo au ya mvua.

Mvua ya mawe inapoufanya uwanja uwe mweupe, ni rahisi mtoto kudhani kuwa hiyo ndiyo theluji aliyoiona vitabuni. Hata watu wazima wamepata kudhani hivyo. Mwezi wa Septemba mwaka 2008, karibu na mji wa Nyahururu, ardhi ilifunikwa na tabaka nene jeupe, na wenyeji wengi wakafurahi wakisema kwamba theluji imeanguka. Wataalamu wa hali ya hewa walieleza kwamba ilikuwa mvua ya mawe, ambayo punje zake ndogo zilishikamana.

Tofauti yake ni hii. Theluji hufanyika polepole, mvuke ulio katika wingu lenye baridi kali ugeukapo kuwa chembe nyepesi za barafu. Nayo haifiki chini ila hewa ya chini iwe baridi pia. Mvua ya mawe hutoka katika wingu refu lenye upepo wa nguvu uendao juu. Upepo huo hulishikilia tone lililoganda, nalo huzidi kuvikwa maji ya baridi yanayoganda juu yake, mpaka liwe zito na kuanguka. Jiwe kubwa likipasuliwa, mara nyingi huonekana tabaka ndani yake, mfano wa kitunguu.

Hesabu nayo husaidia. Kwa kila mita 1,000 za kupanda, joto hupungua kwa digrii 6 hivi. Kilele cha Mlima Kenya kina kimo cha mita 5,199, yaani mita 3,700 hivi kupita Lurambi. Kwa hiyo huko baridi huzidi kwa digrii 22 hivi. Basi mtoto hutambua kwa nini theluji huonekana kileleni na haionekani shambani kwao.

Mvua yenyewe yaweza kupimwa kwa mkebe ulionyooka na rula. Milimita 1 ya mvua katika eneo la mita 1 ya mraba ni lita 1 ya maji. Paa la darasa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 6, likipata mvua ya milimita 20, hupokea lita 1,200. Shule yenye mifereji na tangi yaweza kuhifumia sehemu kubwa ya maji hayo.

Lakini somo lililo kubwa kuliko yote ni habari za radi, kwa kuwa huhusu uhai. Mwezi wa Juni mwaka 2011, radi ilipiga shule ya msingi ya Runyanya nchini Uganda, ikawaua watoto zaidi ya kumi waliokuwa darasani. Wako watu wanaoamini kwamba radi hutumwa na adui. Elimu hufundisha kwamba ni nguvu ya umeme itokayo mawinguni, nayo yaweza kukingwa. Darasa lahitaji chuma cha kukinga radi juu ya paa, kilichounganishwa kwa waya mnene mpaka ardhini. Mtoto naye asikiapo ngurumo, na aache uwanja, asijifiche chini ya mti, asiguse ua wa seng'enge, bali aingie katika nyumba imara, akae mbali na milango na madirisha. Asitoke mpaka dakika 30 zipite tangu ngurumo ya mwisho.

Yafaa wazazi wawaulize watoto wao jioni yale waliyojifunza, na kuyafuata wao wenyewe. Mtoto aliyefundishwa kungoja darasani asikaripiwe kwa kuchelewa kurudi, maana kuchelewa huko kwaweza kuwa ndiko kuokoka kwake.