Fidia ya Mtu Aliyeumia Kazini

Wasikilizaji wetu, wengi hudhani ya kuwa mtu akiumia kazini, bwana wake hana budi kumlipa. Zamani haikuwa hivyo. Mwaka 1835, huko Uingereza, Charles Priestley, mtumishi wa mwuza nyama aitwaye Fowler, aliamriwa kupanda gari lililopakiwa kupita kiasi. Gari likavunjika, naye akavunjika paja. Wazee wa baraza walimpa paundi 100. Lakini mwaka 1837 majaji waliitangua hukumu, wakisema mtumishi aweza kukataa kazi ya hatari. Nasi twauliza, ni maskini yupi athubutuye kukataa?

Kutokana na hukumu ile ikakua kanuni ya kwamba mtumishi aliyeumizwa kwa uzembe wa mwenzake hamdai bwana wao. Kanuni hiyo iliwasumbua wadai hata ilipofutwa mwaka 1948.

Sheria ya mwaka 1897 ilipita njia nyingine. Katika reli, migodi na viwanda, aliyeumia hakulazimika kuthibitisha uzembe wa mtu. Ilitosha kuonyesha ya kuwa aliumia kazini, kwa ajili ya kazi. Lakini malipo yalikuwa haba: nusu ya mshahara, wala si zaidi ya paundi 1 kwa juma. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008 nayo haimdai mfanyakazi uthibitisho wa uzembe.