Sindano ya Faru

Daktari wa wanyamapori akitaka kumlaza faru mweusi wa tani moja, miligramu 4 hivi za etorfini zinamtosha. Zimwage kiganjani, utadhani ni chembe za chumvi. Ndiyo maana daktari huvaa glavu kabla ya kujaza mshale, na mwenzake husimama kando na dawa ya kukata makali, endapo daktari mwenyewe atajichoma.

Etorfini asili yake ni kasumba. Fentanili, iliyobuniwa na Mbelgiji Paul Janssen yapata mwaka 1960, ni ya maabara tupu, na ina nguvu mara 100 hivi ya mofini. Karfentanili ya mwaka 1974 hufika mara 10,000. Lakini sisi wafamasia tukisema “nguvu” hatumaanishi kwamba inatuliza zaidi. Tunamaanisha inatakiwa kidogo.

Zote hushika vipokezi vilevile. Vingine viko kwenye njia ya maumivu, vingine kwenye shina la ubongo, panapopimwa hewa ukaa iliyomo kwenye damu. Hewa hiyo ikizidi, mtu huvuta pumzi bila hata kuwaza. Aliyezidisha fentanili, inazidi na ubongo haushtuki. Hatapatapi wala haombi msaada. Mboni zinanywea mpaka zinakuwa nukta, midomo inapauka, anakoroma, halafu kimya. Mkoromo huo umewaponza wengi, kwa kuwa waliokuwa chumbani walidhani jamaa kapata usingizi mnono.

Naloksoni, dawa ya kukata makali hayo, huing'oa fentanili kwenye vipokezi na pumzi ikarudi, wakati mwingine ndani ya dakika mbili tatu. Ila yenyewe huisha kati ya nusu saa na saa moja na nusu, na mgonjwa anaweza kuzama tena. Usimwache aende nyumbani kwa sababu tu ameamka na kukutukana.

Chumba cha upasuaji hutumia fentanili kila siku, kwa mikrogramu, mtaalamu wa usingizi akiwa kichwani pa mgonjwa. Muuza unga anakoroga kwa kijiko. Marekani, mwaka 2022 pekee, vifo vilivyohusishwa na dawa hizi vilizidi 70,000.

Sheria nayo inahangaika na kipimo. Ukipiga marufuku kemikali moja, mpishi wa dawa za kulevya anabadili kipande cha kemikali hiyo na kuuza nyingine. China ilichoka na mchezo huo, Mei 2019 ikafungia ukoo mzima wa fentanili. Zikaibuka nitazeni, kemikali za ukoo mwingine, zilizobuniwa Uswisi miaka ya 1950 na hazikuwahi kuwa dawa ya hospitali. Zimekutwa hata kwenye kush, dawa ya kulevya ya mitaani ya Sierra Leone.

Ukikaza mno, anayeumia ni mgonjwa wa saratani, anayekosa dawa ya maumivu. Uganda, tangu 2004, muuguzi aliyesomea tiba shufaa anaruhusiwa kisheria kuandika mofini ya maji. Huchanganywa humohumo nchini, kutoka poda, na mgonjwa hainunui.