ORM Haikuchorei Majedwali

Kijana anayejifunza kuandika programu akiombwa kutengeneza mfumo wa kikoba cha mtaani kwao, swali lake la kwanza huwa ni atumie zana gani. Django au Flask? SQLAlchemy au Peewee? Si swali baya, ila limewahi mno. Kabla yake lipo jingine: kikoba kina mambo gani ya kukumbuka, na jambo hili linahusianaje na lile? Hilo hujibiwa kwa kalamu na karatasi, kompyuta ikiwa bado imezimwa.

Fungua daftari la mweka hazina. Kila mstari una tarehe, jina, kiasi na maelezo. Mtu yuleyule wiki hii ameandikwa “Mama Asha”, wiki ijayo “M. Asha”, na siku ya kugawana fedha limetumika jina la kitambulisho. Mweka hazina hababaiki kwa kuwa anawajua wote kwa sura. Kompyuta haimjui yeyote. Ukilihamisha daftari kama lilivyo, kwake hao ni wanachama watatu.

Kwa hiyo tunagawa. Jedwali la wanachama lina mstari mmoja kwa kila mtu, na kila mstari una namba isiyorudiwa, ndiyo ufunguo msingi. Jedwali la mikopo lina mstari mmoja kwa kila mkopo, na badala ya jina la mkopaji linabeba namba yake, ndiyo ufunguo ngeni. Jedwali la marejesho nalo linabeba namba ya mkopo unaolipwa. Majedwali matatu, nyuzi mbili. Mama Asha akibadilisha jina au simu, tunasahihisha mahali pamoja tu.

Wazo hili lina zaidi ya nusu karne. Mwaka 1970 Edgar F. Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi IBM huko San Jose, California, alichapisha makala iliyopendekeza kuwa data ipangwe kwenye majedwali yanayounganishwa na thamani zilizomo ndani yake. Kabla ya hapo, mwandishi wa programu alilazimika kujua data imewekwa wapi na aifuate kwa njia ipi. Mpangilio wa ndani ukibadilika, programu yake nayo inakwama. Mwaka 1974 Donald Chamberlin na Raymond Boyce, wa IBM pia, wakatoa lugha ya kuyauliza majedwali hayo, ambayo leo tunaiita SQL.

Tukiwa bado kwenye karatasi, kuna maamuzi madogo yanayookoa mengi. Namba ya simu iwe maandishi. Ukiihifadhi kama namba, 0712 inageuka 712, na sifuri ya mwanzo hairudi. Fedha ziwe namba kamili za shilingi, zisiwe desimali za kompyuta. Jaribu kujumlisha 0.1 na 0.2 kwenye Python uone jibu, 0.30000000000000004. Kwenye kikoba, hata kitu kidogo kama hicho kinatosha kuzua kikao cha dharura. Riba nayo iandikwe kwenye mkopo wenyewe. Wanachama wakikaa mkutano wa mwaka na kuipunguza, mikopo ya zamani ibaki na riba iliyokubaliwa siku ile.

Deni lililobaki je? Lisihifadhiwe popote. Deni ni hesabu: mkopo na riba yake, ukitoa jumla ya marejesho. Ukilitengea safu yake, umejiwekea majibu mawili ya swali moja, na siku yakitofautiana hutajua lipi la kweli. Hapa sina simile: katika mifumo midogo, safu ya “salio” inayosahihishwa kwa mkono ndiyo ninayoishuku kwanza hesabu zinapogoma.

Sasa ndiyo tuwashe kompyuta. Programu za leo nyingi huandikwa kwa objekti: mwanachama ni kitu chenye jina, simu na orodha ya mikopo yake. Kanzidata haina orodha ndani ya kitu. Ina mistari na namba zinazoelekezana. Mtu wa katikati anayegeuza huku kwenda kule ndiye ORM. SQLAlchemy, iliyoandikwa na Mike Bayer na kutolewa mara ya kwanza mwaka 2006, ni mojawapo ya zinazotumika sana kwenye Python. Mkopo wetu ndani yake, tukiiacha riba kwa sasa, unakuwa hivi:

class Mkopo(Base):
    __tablename__ = "mikopo"
    id: Mapped[int] = mapped_column(primary_key=True)
    mwanachama_id: Mapped[int] = mapped_column(ForeignKey("wanachama.id"))
    kiasi: Mapped[int]
    tarehe: Mapped[date]
    mwanachama: Mapped["Mwanachama"] = relationship(back_populates="mikopo")

Soma polepole. Mstari wa mwanachama_id ni safu halisi kwenye jedwali. Mstari wa mwisho si safu. Hutauona ukifungua kanzidata. Ni ahadi ya ORM kwamba ukiandika mkopo.mwanachama.jina, yenyewe itakwenda kumtafuta mwenye mkopo.

Faida ya kwanza ya mtu huyu wa katikati ni usalama. Anayeunganisha amri za SQL kwa mkono, akibandika jina katikati ya maneno, ataumbuka siku anapojiunga mwanachama anayeitwa Nyang'oro. Ile alama ya ng' ndiyo inayofunga maandishi katika SQL, hivyo amri inakatika katikati ya jina. Mtu mwenye nia mbaya hutumia mwanya huohuo kupenyeza amri zake. ORM hupeleka amri peke yake na thamani peke yake, na Nyang'oro anasajiliwa bila shida.

Faida ya pili ni muamala. Mwanachama ametuma shilingi 50,000: 40,000 ni rejesho, 10,000 ni hisa. Hisa tukizitengea jedwali lake, hayo ni maandishi mawili kwenye majedwali mawili. Umeme ukikatika baada ya la kwanza, kikoba kimepoteza hisa ya mtu. Ndani ya sesheni ya SQLAlchemy unaongeza yote mawili, kisha unaita commit() mara moja. Ama yote yameandikwa, ama hakuna hata moja. Asiyeita commit() kabisa ataona kila kitu kinakwenda vizuri, na kesho yake atakuta jedwali tupu.

Lakini mtu wa katikati ana tabia zake. Tuseme unataka orodha ya wanachama 30 pamoja na mikopo yao. Unaandika kitanzi kifupi, kinapendeza macho, kinafanya kazi. Sasa weka echo=True pale unapotengeneza injini, sehemu ya SQLAlchemy inayoongea na kanzidata, ili kila amri ya SQL ichapishwe kwenye skrini. Utaona amri moja ya kuleta wanachama, halafu nyingine, na nyingine, moja kwa kila mwanachama. Jumla 31. Kwenye kompyuta yako hutasikia kitu. Kanzidata ikiwa kwenye seva ya mbali, kila amri ni safari ya kwenda na kurudi, na ukurasa unaanza kukokota. Dawa ni neno moja, selectinload, linaloiambia ORM ilete mikopo ya wote kwa pamoja. Amri 31 zinakuwa 2. Asiyesoma SQL hana namna ya kuliona tatizo hili, maana kwenye Python yake hakuna kilichoharibika. Ndiyo maana anayeanza namshauri asiizime echo wiki za mwanzo, hata kama inamjazia skrini.

Kwa kikoba, kanzidata ya kuanzia ni SQLite. Ilitengenezwa na D. Richard Hipp mwaka 2000, haihitaji seva, na kanzidata nzima ni faili moja unaloweza kunakili kwenye flashi. Ina mambo mawili ya kuangalia. Kwanza, kwa kawaida haikagui funguo ngeni. Unaweza kuandika rejesho la mkopo namba 999 usiokuwepo, ikapokea. Lazima kila muunganisho uambiwe PRAGMA foreign_keys = ON. Django hulifanya hilo yenyewe. Kwenye SQLAlchemy ni kazi yako.

Pili, haishiki sana aina za data. Safu ya kiasi umeitangaza kuwa ya namba kamili, lakini neno “elfu hamsini” likipenya hadi kwenye jedwali la kawaida, SQLite italihifadhi kama maandishi. Tangu toleo 3.37 la mwaka 2021 unaweza kutangaza jedwali kuwa STRICT, na hapo inakataa.

Kikundi kikikua, watu kadhaa wakaanza kuandika kwa wakati mmoja, utahamia PostgreSQL. Utaambiwa kuwa kwa ORM ni kubadilisha mstari mmoja wa anwani ya muunganisho. Kwa msimbo, karibu ni kweli. Kwa data, sivyo: PostgreSQL haitapokea “elfu hamsini” kwenye safu ya namba, wala rejesho lisilo na mkopo. Kumbuka pia kuwa create_all() ya SQLAlchemy hutengeneza majedwali yasiyokuwepo tu. Ukiongeza safu ya riba kwenye klasi baada ya jedwali kuwepo, haitagusa kitu. Kazi hiyo ni ya Alembic, zana ya kubadilisha majedwali yaliyokwisha kuwepo, na ni vyema iwepo kabla mwanachama wa kwanza hajasajiliwa. Usiku wa kuhama, nakili faili la SQLite pembeni, tafuta marejesho yasiyo na mkopo na viasi visivyo namba, kisha kaa na mweka hazina na daftari lake la zamani mvimalize kimoja kimoja.