Bahari ndogo ndani ya kioo

Askari akaaye mbali na pwani aweza kudhani ya kuwa samaki wa matumbawe ni wa kutazamwa na watu wa Mombasa na Tanga peke yao. Sivyo. Chumvi ya bahari iliyotengenezwa maalumu huuzwa ikiwa kavu, na mtu akiiyeyusha kwa kipimo katika maji safi, aweza kumfuga samaki wa bahari hata nyumba yake iwe mamia ya kilomita kutoka ufukoni. Huko London, jumba la samaki lilifunguliwa kwa umma katika bustani ya wanyama tangu mwaka 1853.

Wengi waanzao hununua tangi dogo wakitumaini kupata kazi ndogo. Mambo huwa kinyume. Katika maji machache, joto, chumvi na uchafu hubadilika upesi, na samaki hufa kabla mwenyewe hajatambua. Tangi la lita 200, yaani urefu wa mita 1, upana wa sentimita 40 na kina cha sentimita 50, humpa mtu nafasi ya kurekebisha mambo. Lakini na akumbuke ya kuwa maji hayo yana uzito uzidio kilo 200. Meza ya kulia haiwezi kuubeba.

Chumvi ya jikoni haifai, kwani haina kalisiamu, magnesiamu na madini mengine ya bahari kwa kiasi kitakiwacho. Kila lita moja ya maji hutaka gramu 35 hivi za ile chumvi maalumu, nayo iyeyushwe ndani ya ndoo ya plastiki, kamwe si ndani ya tangi lenye samaki. Maji ya bomba yenye klorini yasafishwe kwanza. Joto liwe kati ya nyuzi 24 na 27 za Selsiasi.

Sasa tufikie jambo liuwalo samaki wengi kuliko yote, nalo ni haraka. Kinyesi cha samaki na mabaki ya chakula hutoa amonia, ambayo ni sumu. Wapo bakteria waigeuzao amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu. Kisha wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa ikiwa kidogo. Tangi jipya halina bakteria hao wa kutosha. Hukua juu ya mawe na mchanga kwa muda wa majuma 4 hadi 6, wakilishwa na kipande cha uduvi kilichoachwa kioze majini. Katika siku hizo mwenye tangi hutazama maji matupu, na majirani humcheka. Avumilie. Vipimo vya matone vitakapoonyesha ya kuwa amonia na nitriti zimekwisha, ndipo samaki wa kwanza aingie, mmoja au wawili tu.

Hapa yafaa kusema wazi na msomaji aliye kazini. Amri ya uhamisho haingoji bakteria wakue. Atazamiaye kuhamishwa karibuni afadhali asianze, maana tangi halipandi lori likiwa limejaa. Naye aendaye doria siku nyingi na amfundishe mtu wa nyumbani jambo moja kwanza: maji yakipungua kwa mvuke, chumvi hubaki ndani, kwa hiyo huongezwa maji baridi, si maji ya chumvi. Umeme ukikatika, pampu ndogo ya hewa itumiayo betri huwapa samaki pumzi.

Katika kununua, uliza samaki alivuliwaje. Nchini Ufilipino, tangu miaka ya 1960, baadhi ya wavuvi wamewapulizia samaki sianidi ili kuwalevya. Dawa hiyo huua matumbawe, na samaki wenyewe mara nyingi hufa baadaye. Bora wale waliozaliwa katika matangi. Miongoni mwao wamo wale wa rangi ya machungwa na mistari myeupe, ambao baharini huishi kati ya mikono ya anemoni iwashayo. Wana tabia ya ajabu: wote huanza maisha wakiwa madume, na mkubwa wao hugeuka kuwa jike. Atakaye jozi na anunue wawili wachanga, mmoja mkubwa kidogo kuliko mwenziwe; shauri la nani awe mke wataliamua wenyewe.