Furaha za mikoani Ufilipino na anayezilipia

Wageni wanaozuru mikoa ya Ufilipino, iwe Quezon, Iloilo au Leyte, huondoka na masimulizi yanayofanana. Husimulia watu wa kipato kidogo wanaokula pamoja, wanaoimba mpaka usiku, na wanaomketisha mgeni mezani kabla hawajamuuliza jina. Wengi huishia kusema kwamba hiyo ndiyo tabia ya watu wale, au kwamba asiye na makuu huridhika na machache. Maelezo hayo hayatoshi. Furaha inayojirudia wiki baada ya wiki, katika maelfu ya vijiji, lazima iwe na utaratibu unaoizalisha. Utaratibu huo tunaweza kuufuata hatua kwa hatua, tukajua unavyofanya kazi na unamgharimu nani.

Kwanza tuweke mipaka ya eneo. Ufilipino ina visiwa zaidi ya 7,600, na sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu wapatao milioni 109. Nchi ina mikoa 82, lakini mahali ambapo mtu anaishi hasa, anapojulikana na kudaiwa, ni barangay. Hiyo ni ngazi ya chini kabisa ya serikali, yenye mwenyekiti na madiwani wake wa kuchaguliwa. Ziko zaidi ya 42,000. Barangay ya shamba kwa kawaida ina kanisa dogo, uwanja wa mpira wa kikapu, na maduka kadhaa yaliyofunguliwa kwenye vyumba vya mbele vya nyumba za watu.

Sasa tuulize: ndugu ni nani? Ufilipino ukoo huhesabiwa kwa baba na kwa mama, pande zote mbili zikiwa na uzito ule ule. Mtoto hubeba jina la ukoo la mama katikati na la baba mwishoni, na sheria ya mirathi huwapa watoto wa ndoa, wa kike na wa kiume, mafungu sawa. Matokeo yake ni kwamba kila mtu ana ndugu wa pande mbili wa kuwaendea anapokwama, nao pia wana haki ya kumwendea yeye. Ndani ya mtandao huo, umri ndio unaopanga watu. Kaka mkubwa ni Kuya, dada mkubwa ni Ate, babu ni Lolo na bibi ni Lola. Kijana akifika nyumbani huuchukua mkono wa mzee na kuugusisha kwenye paji la uso wake ndipo aendelee na mengine.

Mtandao huo wa damu hupanuliwa kwa njia ya kanisa. Mtoto anapobatizwa, wazazi huchagua wasimamizi, na mara nyingi hawachagui wawili tu; wanaweza kufika kumi au zaidi. Msimamizi wa kiume huitwa ninong, wa kike ninang. Jambo la kuzingatia ni kwamba kifungo kikubwa hakiko kati ya msimamizi na mtoto peke yao. Kiko pia kati ya msimamizi na wazazi, ambao kuanzia siku hiyo huitana kumpare na kumare na kuheshimiana kama ndugu. Mzazi mwenye busara huchagua kwa hesabu: rafiki wa tangu utoto, mwalimu, mwenye duka, pengine diwani. Siku ya Krismasi watoto huzunguka nyumba za wasimamizi wao kupokea noti mpya, kama watoto wa pwani yetu wanavyozunguka kutafuta mkono wa Idi. Mtoto hufurahia noti. Mzazi naye hujua kwamba mlango ule bado uko wazi, na kwamba siku ya ada au ya hospitali anaweza kuugonga.

Tuingie jikoni, kwa sababu huko ndiko utaratibu wenyewe unakoonekana wazi. Siku ya Ijumaa, nyumba nyingi hupika choroko, desturi iliyotokana na Wakatoliki kujinyima nyama siku hiyo. Choroko huchemshwa mpaka zipasuke, zikaungwa kwa kitunguu saumu, kitunguu maji na nyanya, zikatiwa samaki mkavu au kamba wadogo kwa ladha. Mwisho kabisa hutiwa majani ya mlonge. Majani hayo kijijini hayanunuliwi. Mlonge umesimama uani au kwenye ua wa jirani, na kuomba tawi si aibu, bora uombe kabla ya kuvunja. Kisha bakuli moja la choroko huvushwa upande wa pili wa ua. Bakuli hilo kwa kawaida halirudi tupu. Litarudi na ndizi, au kipande cha mkate wa mchele, leo au wiki ijayo.

Wanauchumi wangeliita bakuli hilo bima. Bima, kwa maana ya msingi, ni malipo madogo ya leo yanayomkinga mtu na upungufu mkubwa wa kesho. Mvuvi asiyepata kitu leo hula kwa aliyepata, na keshokutwa zamu hugeuka. Hakuna mkataba wala karani. Kinachoshikilia mpango ni kumbukumbu, na zaidi ya kumbukumbu ni kile ambacho Wafilipino hukiita utang na loob, deni la fadhila lililo ndani ya moyo wa mtu, ambalo halihesabiwi kwa fedha wala halina siku ya kwisha.

Duka la kijiji, sari-sari, hufanya kazi hiyo hiyo kwa bidhaa za viwandani. Ni dirisha lenye nondo au wavu, na nyuma yake vinaning'inia vifuko vya shampuu na kahawa vya kutumia mara moja. Huuzwa yai moja, sigara moja, mafuta ya kula yaliyofungwa kwenye kifuko kidogo cha plastiki, siki ya kupima. Ukikokotoa bei kwa lita au kwa kilo, mnunuzi wa namna hii hulipa zaidi ya yule anayenunua chupa nzima mjini. Lakini anayelipwa kwa siku hana fedha ya chupa nzima, na nauli ya kwenda mjini ingekula faida yote. Isitoshe, supamaketi haikopeshi.

Sari-sari hukopesha. Mwenye duka, ambaye mara nyingi ni mwanamke, ana daftari la madeni, na uamuzi wake mgumu wa kila siku ni nani aandikwe na nani akataliwe. Akikopesha kila mtu, mtaji unakwisha. Akimkatalia kumare wake, ameharibu ukaribu wa miaka mingi. Kinachomsaidia ni kujua habari za watu: anajua nani atauza mbata wiki hii, mshahara wa mwalimu unatoka lini, na nani ana binti Riyadh. Benki hulipia sana kupata taarifa za namna hiyo kuhusu wateja wake. Yeye huzipata bure, kwenye benchi lililo mbele ya dirisha, ambapo watu huketi jioni kunywa soda na kuzungumza. Kwa hiyo mazungumzo yale, ambayo mgeni huyaona kuwa ni kupoteza muda, yana kazi katika uchumi wa kijiji. Ni burudani, na wakati huo huo ni ukaguzi wa madeni. Kwenye benchi hilo hilo mara nyingi hukusanywa paluwagan, yaani upatu.

Shambani pia kulikuwa na kanuni ya aina hii. Wanauchumi wa Kijapani Yujiro Hayami na Masao Kikuchi, waliokichunguza kwa miaka mingi kijiji kimoja cha mpunga katika mkoa wa Laguna, walieleza desturi ya mavuno iliyomruhusu kila aliyefika kuvuna na kuondoka na fungu. Fungu la wavunaji lilikuwa moja ya sita ya walichovuna. Mwenye shamba hakumfukuza mtu. Baadaye, watu walipoongezeka na mbegu mpya kuzaa zaidi, sharti likabadilika: haki ya kuvuna ikawa ya yule aliyekuwa amepalilia shamba hilo bila malipo. Fungu likabaki lile lile, ila kazi iliyodaiwa ikawa kubwa zaidi. Hapa tunajifunza kwamba kugawana kunaweza kudumu kwa sura huku masharti yake yakikazwa kimyakimya dhidi ya asiye na shamba.

Halafu ipo sikukuu. Karibu kila kijiji kina mtakatifu wake mlinzi na siku yake. Mjini Lucban, mkoani Quezon, tarehe 15 Mei ni siku ya Mtakatifu Isidori mkulima, na nyumba hupambwa kuanzia darini mpaka mlangoni kwa masuke ya mpunga, mboga, matunda na kiping, ambazo ni kaki nyembamba za unga wa mchele zilizotiwa rangi na kupewa umbo la jani. Siku ya sikukuu milango huwa wazi na asiyealikwa hula. Gharama ni kubwa, lakini hugawanywa: ndugu mmoja huleta mchele, mwingine hukodi mashine ya kuimbia, na nguruwe amelelewa miezi kadhaa kwa makombo, mengine yakitoka majikoni mwa majirani ambao sasa wanakuja kumla. Wageni huondoka na chakula kilichofungwa. Aliyelisha watu mwaka huu amekwisha kula kwa watu mwaka mzima.

Mpaka hapa mpango unaonekana kukamilika, lakini una udhaifu mmoja wa msingi. Kugawana na jirani hukinga msiba wa mtu mmoja. Hakukingi msiba unaowapata wote kwa siku moja. Kimbunga Haiyan kilipopiga Novemba 2013, mamilioni ya minazi yalianguka katika Visayas ya Mashariki. Mnazi mrefu uliopandwa upya huchukua takriban miaka 6 hadi 8 kuanza kuzaa. Bakuli la choroko haliwezi kuvuka ua ikiwa nyumba zote mbili hazina kitu. Ili bima ifanye kazi katika hali hiyo, lazima mwanachama mmoja awe mbali, mahali ambapo kimbunga hakifiki.

Mwanachama huyo yupo. Tangu Sheria ya Kazi ya mwaka 1974, serikali ya Ufilipino imesimamia rasmi kazi za nje. Leo Wafilipino zaidi ya milioni 2 wako ng'ambo kwa mikataba ya kazi, zaidi ya nusu yao wanawake, na mwaka 2023 fedha zilizotumwa nyumbani kupitia benki zilizidi dola bilioni 33. Pamoja na fedha huja sanduku la katoni lenye sabuni, nyama ya kopo, viatu na chokoleti, lililojazwa taratibu kwa miezi. Dada zetu wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaofanya kazi za ndani huko Ghuba wanaijua hali hii: mshahara uliokwisha kugawanywa kabla haujapokewa, na simu ya usiku ya kumsomesha mtoto kwa mbali.

Sasa tunaweza kuona nani analipa. Mama aliye Riyadh au Hong Kong analipa kwa kutokuwepo. Bibi, yule Lola, analipa kwa kuanza ulezi upya akiwa na miaka sitini: anaamka kupika wali wa asubuhi, anawapeleka watoto shule, anaandikisha deni dukani, anafagia uwanja kwa chelewa, anachunga nguruwe wa sikukuu. Dada mkubwa naye mara nyingi huchelewesha maisha yake ili wadogo zake wasome. Ukimwondoa Lola katika mpango huu, binti hawezi kusafiri. Binti asiposafiri, kimbunga kijacho hakina wa kukikabili.

Sheria inaijua kazi hii. Kanuni ya Familia ya mwaka 1987 huwawajibisha wazazi, watoto, wajukuu na ndugu kutunzana, na humtaja bibi au babu kuwa wa kwanza kushika malezi pale wazazi wasipokuwepo. Lakini wajibu ni kitu kimoja na msaada ni kingine. Pensheni ya serikali kwa wazee maskini ilipandishwa na sheria ya mwaka 2022 kutoka peso 500 hadi 1,000 kwa mwezi. Kwa mchele wa peso 45 kwa kilo, hizo ni kilo 22 hivi. Na kwa mujibu wa sheria ya wazee ya mwaka 2010, mzee maskini ni yule aliye dhaifu, mgonjwa au mwenye ulemavu, na asiye na pensheni, kipato cha kudumu, wala msaada wa fedha wa ndugu unaomtosha mahitaji yake ya lazima.

Hukumu yangu basi ni hii. Wanaozisifu furaha za mikoani Ufilipino wanasifu kitu cha kweli, na wana haki ya kukisifu. Lakini serikali inayojivunia mshikamano huo huku ikimnyima Lola pensheni kwa sababu bintiye anamtumia fedha, inamtoza bibi huyo gharama ya kazi anayoifanyia taifa zima. Sharti hilo la msaada wa ndugu linafaa kufutwa.