Faida Moja, Tarakimu Mbili: Istilahi za Biashara katika Taarifa za Safaricom

Mwezi Mei 2024, kampuni ya Safaricom ilipotangaza matokeo ya mwaka wa fedha uliokoma tarehe 31 Machi, baadhi ya vyombo vya habari nchini Kenya viliripoti kuwa faida yake imepanda hadi shilingi bilioni 62.99. Vingine viliripoti kuwa imeshuka hadi bilioni 42.66. Hakuna kilichosema uongo. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi hali hiyo inavyowezekana, na kwa nini inamhusu mwanafunzi wa Kiswahili, si mhasibu pekee.

Tuchukue mfano wa soko la Sondu, mpakani mwa kaunti za Kisumu na Kericho, ambako Mjaluo na Mkipsigis hukutana na mara nyingi Kiswahili ndicho huamua bei. Tuseme mfanyabiashara wa mahindi ana duka sokoni humo linalompa faida ya shilingi 70,000. Kisha, kwa ubia na mwenzake, nusu kwa nusu, anafungua duka jingine mjini Kericho. Nalo, kwa kuwa bado changa, linapata hasara ya 40,000. Akijumlisha maduka yote mawili, faida ni 30,000. Lakini nusu ya hasara ile inabebwa na mbia wake, hivyo faida iliyo yake hasa ni 50,000.

Kwa Safaricom, duka la Kericho ni Ethiopia. Pamoja na wabia wake, wakiwemo Vodacom na Sumitomo ya Japani, ilipata leseni huko mwaka 2021 kwa dola milioni 850, ikazindua huduma Oktoba 2022. Minara hujengwa kabla wateja hawajapatikana, na hasara ya miaka ya mwanzo ilitarajiwa. Bilioni 42.66, basi, ni faida ya kundi zima, iliyoshuka kutoka 52.48, bilioni 62.99 ni fungu la wenye hisa wa Safaricom, lililopanda kidogo kutoka 62.27.

Kasoro iko katika kuziita zote mbili "faida" bila kivumishi. Aidha, "mapato" nayo huchanganywa na faida: bilioni 139.9 zilizotokana na M-Pesa mwaka huo ni fedha zilizoingia kabla ya gharama kuondolewa. Ajabu ni kwamba kampuni hii, inapouza, huchagua Kiswahili kwa ustadi. Okoa Jahazi na M-Shwari (2012) zimewaletea watu wa ziwani msamiati wa bahari. Fuliza (2019) imefufua kitenzi ambacho wengi wetu tulikikuta kamusini tu. Ustadi huo haujafika kwenye taarifa za fedha. Mwandishi wa makala haya anapendekeza "faida ya kundi" na "faida ya wenye hisa".

Ikumbukwe kwamba mwaka 2008 serikali iliuza hisa bilioni 10 za Safaricom kwa shilingi 5 kila moja, na wananchi wengi wa kawaida walinunua. Mwenye hisa chache aliyesikia redioni Mei 2024 kwamba "faida imeshuka" angeweza kuziuza kwa hofu, ilhali gawio la mwaka huo lilikuwa shilingi 1.20 kwa hisa, sawasawa na la mwaka uliotangulia.